Mlima Tunaouona kutoka Singida

Kama umewahi kulala Singida mjini ukaamka siku mvua imekatika, mlima huu unaujua. Simama kwenye majabali ya Ziwa Singidani, tazama kaskazini mashariki: umekaa peke yake kule mbali. Ni Hanang, mita 3,420 hivi. Sisi tumekua tukiuona, ila si wetu, uko Manyara. Siku hizi kuna lami mpaka Katesh.

Niseme mapema: Hanang si hifadhi ya taifa. Ni msitu wa hifadhi, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Anayetaka maporomoko ya maji aende Udzungwa, akayaone ya Sanje yanayoanguka mita 170. Hanang unabeba maji yako mgongoni tangu chini, na yakiisha njiani, shauri yako.

Nilipanda kwa njia ya Jorodom na kijana mmoja wa Katesh. Msitu ukaisha, zikaja nyasi, kisha mgongo mwembamba wa mlima wenye upepo wa kukuvua kofia. Tukakaa. Upande mmoja Ziwa Balangida, jeupe kwa chumvi. Upande wa magharibi tambarare, na ndani yake miraba mikubwa iliyonyooka, kama mtu kaipima kwa rula.

"Yale ni nini?" nikauliza.

"Yale mashamba ya Wakanada, kaka."

Wakanada waliondoka kabla hajazaliwa, lakini jina limebaki.

Kwa macho ya mtalii ile miraba inapendeza, na mimi nilipiga picha kama wengine. Lakini historia ya mlima huu naiona zaidi kule chini kuliko kileleni. Tambarare ya Basotu ilikuwa malisho ya Wabarbaig, Wadatoga ambao sisi Singida tumezoea kuwaita Wamang'ati, jina ambalo asili yake ni Wamasai kuwaita adui. Huko nyuma walikuwa Ngorongoro. Wamasai wakawasukuma kusini katika karne ya 19, wakajikusanya kuuzunguka Hanang. Ng'ombe wao walihama kwa majira, na ile tambarare yenye nyasi nzuri ilikuwa moja ya vituo vya mzunguko huo. Ofisini, malisho yaliyopumzishwa huonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali, kupitia shirika lake la NAFCO na kwa msaada wa Kanada, ilianza kulima ngano pale. Yakafika mashamba saba, jumla ya hekta 40,000 hivi. Nia haikuwa mbaya, nchi ilitaka mkate. Ila trekta lilipita pia juu ya makaburi. Mzee wa Kibarbaig anayeheshimika huzikwa kwa bung'eda, mazishi ya miezi mingi, na kaburi lake hujengwa kama kichuguu kirefu ambacho ukoo haukisahau. Mengi yalilimwa.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema hawakuthibitisha haki yao ya kimila juu ya ardhi ile. Hebu fikiria unaambiwa uthibitishe, na ushahidi wako ni makaburi yaliyolimwa.

Tulishuka magoti yakitetemeka. Nilirudi Singida nikidhani nimemalizana na Hanang.

Asubuhi ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, kipande cha mlima kilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwenye vijiji vya chini mpaka Katesh mjini, na watu zaidi ya 80 walikufa. Wapo waliouliza kama volkano imeamka. Wataalamu wakasema hapana: sehemu ya mlima ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia. Mlima niliopanda nikihesabu mafunda ya chupa!

Walionusurika walijengewa nyumba zaidi ya 100 eneo la Waret, kijiji cha Gidagamowd. Niliposikia majina hayo kwenye taarifa ya habari nilikwenda kufungua daftari langu. Yalikuwamo, yote mawili, kwenye orodha ya yale mashamba saba ya ngano.