Gari la zamani kugoma kuwaka mvua ikinyesha: namna ya kutafuta kosa la moto wa plagi

Asubuhi ya Aprili, Ngaramtoni au Ilboru. Mvua imepiga usiku kucha na ukungu umeshuka kutoka Mlima Meru. Corolla iliyowaka vizuri jana jioni, leo stata inazunguka tu, injini haishiki. Mwenye gari anapiga stata mpaka betri inakwisha. Akiita fundi, anaweza kuishia kununua pampu ya mafuta wakati kosa liko kwenye kifuniko cha distribyuta.

Kosa hili huonekana zaidi masika, Machi hadi Mei, na pia Juni na Julai, miezi ya baridi na manyunyu. Mara nyingi linagundulika kwa tochi, kitambaa kikavu na spana ya plagi.

Magari yanayohusika

Ni magari ya petroli yenye distribyuta na waya za plagi: Corolla AE100, Carina za miaka ya 1990, RAV4 za mwanzo, Suzuki Escudo za zamani na Land Rover Series za petroli.

Land Cruiser za utalii zenye injini ya dizeli ya 1HZ hazimo. Dizeli haiwaki kwa cheche, kwa hiyo ikigoma kwenye mvua kosa litafutwe kwingine: betri, stata, au maji kwenye mafuta.

Kwa nini unyevu unaua moto

Koili huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi zaidi ya volti 20,000. Umeme mkubwa namna hiyo hutafuta njia ya mkato kwenda kwenye bodi.

Njia hiyo hutengenezwa na uchafu. Vumbi la kiangazi hushikana na oili juu ya kifuniko na waya. Likiwa kavu halina shida kubwa, lakini likilowa linapitisha umeme. Cheche inapotea njiani kabla ya kufika kwenye plagi. Kifuniko chenye ufa ni kibaya zaidi, maana unyevu unaingia ndani.

Hatua za kufuata

1. Stata kwanza. Ikizunguka kwa uvivu, tatizo ni betri au terminali. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Betri dhaifu pia hupunguza nguvu ya cheche.

2. Kuchomoa plagi moja. Swichi iwe imezimwa. Plagi ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika na moto ndio haupo. Ikitoka kavu kabisa baada ya kupiga stata mara kadhaa, basi mafuta ndiyo yaangaliwe.

3. Kufungua kifuniko cha distribyuta. Kifutwe ndani na nje kwa kitambaa kikavu, kisha kimulikwe kwa tochi. Vinavyotafutwa ni ufa, kutu nyeupe au ya kijani kwenye vituo, kaboni ya katikati iliyokwisha, na mistari myembamba myeusi kama ya penseli. Mistari hiyo ni njia ambayo umeme umeshajichomea. Kuikwangua hakusaidii, kifuniko kibadilishwe. Rota iangaliwe pia.

4. Kukagua waya. Zitolewe moja moja na kuwekewa alama, maana zikichanganywa gari halitawaka hata kama kila kitu ni kizima. Injini nyingi za Toyota za silinda nne hufuata mpangilio wa 1-3-4-2. Kwa Toyota za aina hii, waya ikipimwa isizidi om 25,000. Mipira yake isiwe imekakamaa au kupasuka.

5. Kuchungulia mashimo ya plagi. Injini kama 4A-FE na 5A-FE zina plagi zilizozama ndani. Maji ya kuosha injini, au oili inayovuja kutoka kwenye sili za juu, hutuama humo na gari linaanza kumisi.

6. Jaribio la gizani. Gari likiwaka lakini linamisi, boneti ifunguliwe usiku, nje mahali penye hewa, taa zote zikiwa zimezimwa. Maji kidogo yapulizwe kwa chupa ya kunyunyizia kuzunguka waya na distribyuta. Cheche za bluu zikirukaruka, au sauti ya "tik tik" ikisikika, hapo ndipo umeme unapovuja. Mikono, nguo na nywele zikae mbali na waya na feni.

Gari likikaushwa lote na bado hakuna moto, zamu inahamia kwa koili, igniter na sensa zilizomo ndani ya distribyuta. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo.

Ya kuepuka

Kushika waya ya plagi kwa mkono ili "kusikia moto" ni hatari, hasa kwa mwenye matatizo ya moyo. Kuosha distribyuta kwa petroli karibu na betri kunaweza kuunguza gari. Dawa za kufukuza maji kama WD-40 husaidia, lakini nazo zinashika moto: ziachwe zikauke kabla ya kupiga stata.

Kuendesha gari linalomisi kwa siku nyingi nako kuna gharama. Petroli isiyoungua huingia kwenye eksozi na kuunguza masega.

Dawa ya kudumu

Gari likiwaka baada ya kukaushwa, kosa bado lipo na litarudi mvua ijayo. Kifuniko, rota na waya vikichoka ni bora vibadilishwe pamoja. Vumbi na oili vifutwe kabla ya masika kuanza.

Kwenye maji yanayopita barabarani

Gari lenye moto dhaifu ndilo huzimika katikati ya maji, feni ikirusha maji juu ya distribyuta. Aprili 2024 mafuriko jijini Arusha yalisomba gari la shule na wanafunzi wakapoteza maisha. Maji yakivuka barabara kwa kasi, dereva asubiri yapungue au ageuze, hata kama gari lake ni jipya.