Ganzi, nusukaputi na pua: historia ya michanganyiko ya dawa



Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya wakifika hospitali. La kwanza ni ganzi: sehemu ya mwili imekufa hisia, lakini mwenyewe yuko macho. La pili ni nusukaputi, dawa ya kumlaza mgonjwa kabisa. Na wengi husema hiyo kaputi tumeachiwa na Mdachi. Hoja yangu ni kwamba historia ya dawa za upasuaji wa pua ni mvutano kati ya maneno haya mawili, na mwishowe pua ikawalazimisha madaktari wayaunganishe.

Kwa nini pua? Kwa sababu ndani yake mna mishipa mingi ya damu chini ya utando mwembamba. Damu ikitoka humzuia mpasuaji asione, kisha huteremka kooni kwenye njia ya pumzi. Basi dawa ya pua haitoshi iondoe maumivu tu, lazima na damu ipungue. Hapo ndipo penye kazi, maana dawa nyingi za usingizi na za ganzi hutanua mishipa.

Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mnamo 1013, ameeleza katika Kitab al-Tasrif jinsi ya kuvuta nyama za pua kwa kulabu, kuzikata, kisha kusugua mabaki kwa uzi wenye mafundo. Ibn Sina naye anataja afyuni na banji miongoni mwa dawa za kutia ganzi. Ndugu zetu wa Muscat wanalijua neno banji, maana mpaka leo Waarabu hospitalini hulitumia kwa ganzi na usingizi pia. Tusilichanganye na bangi yetu. Banji ya matabibu wale ni mmea mwingine, wenye sumu kali.

Mwaka 1847 James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu. Kwa mguu au mkono ilikuwa neema. Kwa pua ilikuwa hatari, kwa kuwa aliyelala fofofo hakohoi, na asipokohoa damu huingia mapafuni. Ndiyo maana mwaka 1884, Carl Koller wa Vienna alipoonyesha kwamba kokeini hutia jicho ganzi, madaktari wa pua na koo waliidaka mwaka huohuo. (Koller hakuwa na nauli ya kwenda Heidelberg; taarifa yake ilisomwa na mwenzake.) Kokeini ina sifa ya pekee: inatia ganzi na wakati huohuo inabana mishipa. Lakini ina uraibu, na William Halsted wa Marekani, mpasuaji hodari kabisa, alinaswa nao akiifanyia majaribio.

Sasa ikaanza enzi ya kuchanganya. Jokichi Takamine alipata adrenalini safi mwaka 1901, na muda si mrefu Mjerumani Heinrich Braun akaichanganya na dawa ya ganzi: mishipa inabanwa, dawa inakaa palepale, na kipimo kinapungua. Mwaka 1941 A. J. Moffett wa Uingereza akaeleza mchanganyiko unaoitwa kwa jina lake hadi leo: mililita 2 za kokeini ya asilimia 8, mililita 1 ya adrenalini ya 1 kwa 1,000, na mililita 2 za bikaboneti ya sodiamu ya asilimia 1. Mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa chini, dawa ikajipenyeza yenyewe.

Nusukaputi nayo haikukaa kimya. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pale Sidcup, Harold Gillies alikuwa akiwatengenezea askari nyuso na pua zilizoharibika. Ivan Magill na Stanley Rowbotham wakakamilisha njia ya kupitisha mpira hadi kwenye koromeo la pumzi. Mpira ule ukifungwa vizuri, damu haipiti. Usingizi ukawezekana.

Lakini ganzi haikuondoka, na hapo njia mbili zikagongana. Halothani, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1956, huufanya moyo uwe mwepesi kushtuliwa na adrenalini. Dawa mbili nzuri, kila moja kwa wakati wake, zikikutana mapigo yanaweza kuvurugika mpaka mtu afe. Jambo hili linatuhusu, maana hospitali nyingi za Afrika Mashariki ziliendeshwa kwa halothani na ketamini kwa miongo mingi. Ketamini nayo hupandisha presha na kuharakisha moyo, jambo ambalo pua hailitaki.

Kuanzia miaka ya 1980, upasuaji kwa kamera ndogo ulipoenea, matone machache tu ya damu yakawa yanatosha kuziba picha. Mwaka 1995 Boezaart na wenzake wa Afrika Kusini walilinganisha dawa mbili za kushusha presha, nitroprusaidi na esmololi, wakampa mpasuaji kipimo cha 0 hadi 5 kueleza anavyoona. Esmololi, inayopunguza kasi ya moyo, ilimpa uwanja mzuri zaidi bila kulazimika kushusha presha sana. Yaani kushusha presha peke yake si dawa. Namna inavyoshushwa ndiyo yenye maana. Tangu hapo umekuja ushindani wa propofoli na remifentanili za mshipani dhidi ya gesi. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2013 kuhusu kushusha presha kwa propofoli ulikuta faida ipo, lakini haifiki hata daraja moja katika zile tano, na kiasi cha damu kilichopotea hakikuonekana kupungua.

Hapa ndipo penye uzito kwetu. Wazee wetu wengi wana presha, na ubongo uliozoea presha ya juu huweza kukosa damu ikishushwa mno. Kwa maoni yangu, kuhatarisha ubongo kwa faida isiyofika daraja moja si biashara. Na hospitali ya wilaya nyumbani isiyo na propofoli bado ina somo la Braun mkononi, yaani lidokeini na adrenalini puani kwa kipimo, alimradi anayelaza ajue mpasuaji ameweka nini.

Kwa hiyo ukimfasiria mzazi wako hospitalini, usiseme tu "watakulaza". Uliza pande zote mbili: ganzi gani, nusukaputi gani, na je, zinapatana? Mshtuko wa halothani na adrenalini ulitokana na kukutana kwa dawa, wala haukuwa ubaya wa dawa moja.

Wenye ziada watuongezee.

Wassalaam.