Kutwa Mara Tatu

Nalikuwa mgeni katika nyumba moja ya Daraja Mbili, mjini Arusha. Bibi wa nyumba ile, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Meru, alirudi kutoka kutibiwa na bahasha ya vidonge iliyoandikwa 1×3. Aliyempa alimwambia, "Kutwa mara tatu." Bibi akavimeza vitatu vyote baina ya alfajiri na magharibi, kwani kutwa ni mchana, na usiku ni kucha. Nani atamlaumu? Sisi watu wa pwani tujigambao kwa lugha hii, ni wangapi wetu tuliouliza dawa ya namna hiyo imezwe vipi katika mwezi wa Ramadhani, baina ya futari na daku?

Na hilo lilikuwa jepesi. Lugha yake bibi ni Kimeru, na mkalimani wake alikuwa mjukuu, mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili. Maradhi yaliyompeleka ni ya kike. Aliona haya kuyataja mbele ya kijana, akasema kichwa chamuuma. Basi akapewa dawa ya kichwa.

Shida hii ni kongwe. Abubakar Muhammad bin Zakariya al-Razi, tabibu mkubwa wa mji wa Rayy aliyezaliwa katika karne ya 9, aliandika kitabu mahususi kwa mtu asiye na tabibu karibu, akakiita Man la Yahduruhu al-Tabib. Fikira njema mno! Lakini kitabu chataka msomaji, na asiyejua kusoma hubaki palepale alipokuwa.

Tanzania ilikabiliwa na jambo hilohilo. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, watu wazima takriban wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Hata hivyo mwaka 1973 nchi ilianzisha kampeni ya Mtu ni Afya, na njia yake yafaa kukumbukwa. Watu walikusanyika makundi makundi, wakasikiliza redio pamoja, kisha mmoja wao akawasomea kijitabu kwa sauti, wakajadiliana: malaria, kichocho, minyoo, kifua kikuu, maji machafu. Baada ya maneno ikaja kazi, kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Viongozi wa makundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na wengi wao hawakuwa waganga wala wauguzi bali majirani tu. Walioshiriki walikaribia milioni 2. Mtu aliyeona haya kumwuliza daktari aliweza kumwuliza jirani yake, tena kwa lugha ya nyumbani redio ikishazimwa. Kwa maoni yangu siri ya kampeni ile ilikuwa hapo, kuliko katika redio yenyewe.

Lakini fundisho moja kwa nchi nzima lina mipaka yake, na Meru ni shahidi. Kuchemsha maji huua vijidudu, na ni nasaha njema kila mahali. Ila maji mengi ya kandokando ya mlima ule yana floraidi nyingi, ambayo hutia meno rangi ya kahawia na, ikizidi sana, hudhuru mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, maji yapunguapo kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Tena magadi wanayotia watu wa huko katika maharage ili yaive upesi huwa nayo vilevile. Mwalimu wa afya asiyeingia jikoni atalijuaje hilo? Atasema "chemsheni", watachemsha, na meno ya watoto yatazidi kupata madoa.

Turudi kwa bibi yetu. Jioni ile aliingia jirani, mama wa Kimeru aliyewahi kuwa mkunga. Akaitazama bahasha, asimwulize "Umeelewa?", kwani swali hilo kila mtu hulijibu ndiyo. Aliweka vidonge juu ya sinia akasema, "Haya bibi, nionyeshe unavyovimeza." Bibi akaonyesha, na kosa likaonekana papo hapo. Kisha mama yule akamtuma kijana dukani. Wanawake wale wawili wakazungumza kwa Kimeru muda mrefu, kwa sauti ya chini, nasi wageni tukatoka uani.

Asubuhi yake walifuatana wenyewe kurudi kwa daktari, na mjukuu akaenda shule.