Ng'ombe, Kichaka na Mbung'o

Mtoto aliyezaliwa Tumbe humjua ng'ombe kwa kamba yake. Asubuhi mnyama hupelekwa kondeni akafungwa penye majani, na jioni, akishaondolewa, hubaki pale duara la nyasi fupi kana kwamba limepitiwa na mundu. Sisi tulio watu wa bahari aghalabu hatukuona katika duara lile ila alama ya tumbo la mnyama. Nami nilikuwa hivyo, hata nilipopelekwa bara kwa kazi ya serikali, nikaona makundi makubwa yakitembea bila kamba nchi nzima. Hapo ndipo nilipofahamu ya kwamba mdomo wa ng'ombe na kwato zake huitengeneza nchi: huamua nyasi zipi zikue, kichaka kipi kisimame, na mdudu yupi apate makazi.

Mdudu ninayemkusudia hasa ni mbung'o, ambaye huko bara wengi humwita ndorobo. Dume na jike wote hunywa damu. Jike hatagi mayai kama inzi wa nyumbani, bali huzaa buu mmoja mmoja na kumweka penye udongo laini chini ya kivuli. Jua kali humuua upesi. Kwa hiyo kichaka kwake ni nyumba. Katika kuuma huambukiza vijidudu viletavyo nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu.

Wafugaji na wakulima wa kale hawakuwa na hadubini, lakini walijua njia zipi wasipitishe mifugo. Walichoma majani kwa majira yake, wakafyeka, wakalima, na mbuzi wao wakatafuna machipukizi. Mbung'o hakutoweka, alibaki katika mapori yaliyokuwa baina ya nchi na nchi.

Kisha ikaja sotoka. Maradhi hayo yaliingia upande wa Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia mwaka 1891 yalikwisha enea katika nchi za Wamasai na jirani zao. Penginepo katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa. Nyati nao walikufa, hata mbung'o mwenyewe akakosa damu na kurudi nyuma mahali pengine. Lakini wanyama wa mwituni walizaana upya upesi kuliko ng'ombe, na watu waliosalia, wakiwa wamepigwa na njaa na ndui, hawakuwa na nguvu ya kufyeka wala kuchoma. Kichaka kikapanda juu ya malisho, na mbung'o akakifuata.

Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alishikilia kuwa kabla ya maafa hayo wenyeji walikuwa wameitiisha nchi yao, na kwamba ukoloni uliwanyang'anya uwezo huo. Wapo waliomwambia kuwa amezipamba mno zama za kale. Mimi naona hoja yake ina uzito, ila yataka nyongeza moja: ng'ombe si adui wa kichaka siku zote. Wakizidi mno mahali pamoja hula nyasi zote, moto ukakosa cha kuunguza, na miiba ikapata nafasi ya kumea. Kundi lile lile laweza kumfukuza mbung'o au kumjengea nyumba.

Shinyanga ni ushahidi mzito zaidi. Huko, katika miaka ya 1920, Mwingereza C.F.M. Swynnerton, ambaye baadaye aliongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, alihimiza ufyekaji mkubwa wa mapori. Wasukuma wakatoka na mashoka kwa maelfu. Mbung'o akarudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, mashamba ya pamba yakaenea. Lakini shoka lile halikujua mahali pa kukoma. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa tupu, vumbi na makorongo, watu wakaiita jangwa. Pamoja na mbung'o walikwisha ondoka wadudu ambao hakuna aliyewakusudia: nyuki alikosa maua na mizinga ikakauka.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Haukuleta elimu ya kigeni tu, bali uliamsha desturi ya Wasukuma ya ngitili: kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili ng'ombe waikute na majani kiangazi. Desturi hiyo ilikuwa imedhoofika, na kuhamishiwa watu vijijini katika miaka ya 1970 kulizidi kuivuruga. Ngitili zilipofungwa tena, visiki vilichipua, na asali ikarudi kuvunwa.

Pemba hatukuwa na mbung'o. Unguja alikuwako, akiwasumbua wafugaji na kujificha katika vichaka na msitu wa Jozani. Kwanza dawa ilipakwa migongoni mwa ng'ombe, ikatundikwa na vitambaa vyenye sumu. Hivyo mnyama aliyekuwa chakula cha mbung'o akageuzwa mtego wake. Kisha, tangu mwaka 1994, madume yaliyofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi yalimwagwa kwa ndege, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Majike ya porini yalipandwa bila kuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alikamatwa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa kimeepukana naye. Wafugaji wakapata kufuga ng'ombe wa maziwa mahali walipokuwa wakiogopa kuwapeleka.

Msitu wa Jozani haukufyekwa. Mwaka 2004, pamoja na Ghuba ya Chwaka, ulifanywa hifadhi ya taifa, na kima punju wangali wakiruka mle katika kivuli kile kile alichokuwa akikipenda mbung'o.