Fahamu Tatizo la Damu Kuvujia Kwenye Ubongo wa Watoto Njiti

Mtoto njiti anayezaliwa akiwa na uzito chini ya gramu 1,500 hukabiliwa na hatari ambayo mara nyingi haionekani kwa macho, nayo ni damu kuvujia ndani ya ubongo. Sehemu kubwa ya matukio hayo hutokea ndani ya saa 72 za kwanza, wakati ambapo hofu ya wazazi huwa imeelekezwa kwenye kupumua na kunyonya.

Chanzo chake kimo katika ukuaji wa ubongo wenyewe. Kandokando ya ventrikali, yaani vyumba vya ndani ya ubongo vyenye majimaji, kuna tabaka laini linalozalisha chembe za ubongo unaokua. Tabaka hilo limejaa vishipa vya damu vyenye kuta nyembamba mno. Kwa kawaida hunywea lenyewe mimba inapofikia wiki ya 32 hadi 34, ndiyo maana mtoto aliyetimiza miezi tisa hukumbwa na tatizo hili kwa nadra. Mtoto wa wiki 26 huzaliwa vishipa hivyo vikiwa bado vipo, na mwili wake haujaweza kudhibiti mwendo wa damu kichwani. Shinikizo la damu likipanda au kushuka ghafla kwa sababu ya kukosa hewa, maambukizi au mwili kupoa, vishipa hupasuka.

Mwaka 1978, Daktari Lu-Ann Papile na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima kwa CT watoto 46 waliozaliwa na uzito chini ya gramu 1,500. Watoto 20 walikutwa na damu kwenye ubongo. Miongoni mwa walionusurika, 9 walikuwa na tatizo hilo, na 7 kati yao hawakuwa wameonesha dalili zake. Idadi hiyo ni ndogo na huduma zimeboreka sana tangu hapo, lakini jambo moja halijabadilika: anayesubiri dalili huchelewa.

Utafiti huo ndio ulioleta madaraja manne yanayotumika hadi leo. Katika daraja la kwanza, damu hubaki kwenye lile tabaka laini. La pili, huingia kwenye ventrikali bila kuzitanua. La tatu, ventrikali hutanuka. Na la nne, nyama ya ubongo yenyewe huathirika. Wengi wa watoto wa madaraja mawili ya mwanzo huendelea vizuri. Madaraja ya juu huongeza uwezekano wa kichwa kikubwa, mtindio wa ubongo na kuchelewa kujifunza, ingawa daraja pekee haliwezi kumwambia mzazi mtoto wake atakuwaje. Kipimo kinachotumika zaidi sasa ni utrasaundi inayopitishwa kwenye utosi, ambayo haina mionzi na hufanyika mtoto akiwa kitandani mwake.

Damu ikishavuja, hakuna dawa ya kuirudisha. Kwa hiyo kinga huanza kabla mtoto hajazaliwa. Mwaka 1972, Liggins na Howie wa New Zealand walionesha manufaa ya kumpa mama sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kabla ya kujifungua, na baadaye ilithibitika kuwa sindano hizo hupunguza pia damu kuvujia kwenye ubongo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, ulionesha kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo vya watoto wachanga, pale ilipotolewa katika hospitali zenye uwezo wa kuwahudumia. Sharti hilo la mwisho ni muhimu, kwani sindano hizi si za kutolewa popote.

Kwa sababu hiyo, mjamzito anayepata uchungu kabla ya wiki 37, anayevunjika chupa mapema, anayetokwa na damu au anayeumwa sana kichwa anapaswa kwenda kituo cha afya mara moja, na kituo kisicho na huduma za watoto njiti kimpe rufaa mtoto akiwa bado tumboni, iwapo hali yake inaruhusu. Watoto wanaosafirishwa baada ya kuzaliwa huvuja damu zaidi kuliko wanaozaliwa mahali penye huduma.

Baada ya kutoka hospitalini, kliniki isikosekane hata mtoto akionekana mzima. Mzunguko wa kichwa hupimwa kwa futi kamba na kuandikwa kwenye kadi. Kichwa kinachokua haraka, utosi uliotuna, kutapika mara kwa mara au macho kuelekea chini ni dalili za kuwahi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki, kwani majimaji yaliyozidi yanaweza kuondolewa kwa upasuaji. Mtoto aliyezaliwa miezi mitatu kabla ya wakati, anapotimiza miezi tisa, hupimwa hatua zake za ukuaji kama wa miezi sita.