"Hali ya Uhifadhi" ya Dumuzi

Mwulize mkulima wa Kaengesa kuhusu "hali ya uhifadhi", atakujibu bila kusita: mahindi yamo kwenye magunia, yametiwa dawa, turubai halivuji. Hajakosea. Uwanda wa Ufipa ni wa mahindi, na serikali yenyewe ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Tuna pia Hifadhi za Taifa, za tembo na twiga. Neno moja limebeba ghala na mbuga.

Wanabiolojia nao wamelitwika mzigo wa tatu. Kwao "hali ya uhifadhi" hueleza kiumbe yuko karibu kiasi gani na kutoweka duniani. Hebu tulijaribu neno hili kwa mbawakawa wawili.

Wa kwanza ni dumuzi, mdudu wa milimita nne hivi. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Huku kwetu alianza kutambulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wapo waliombatiza Scania, kama lori. Hupenda hasa mahindi yasiyopukuchuliwa. Okota gunzi aliloliingia, ligonge kiganjani: unga unamwagika, punje zimebaki maganda yenye matundu. Ghala likiwa tupu, hutoboa miti mikavu na kusubiri mavuno.

Wa pili yuko Shelisheli, kwenye kisiwa cha Frégate chenye ukubwa wa takribani kilomita 2 za mraba. Hana pengine porini. Ni mkubwa, mgongo wa vinundu, haruki. Mchana hujibanza kwenye mashina ya miti, mikorosho ikiwemo. Mwaka 1995 panya waliingia kisiwani (adui ambaye Kaengesa wanamjua vizuri) na hawakuangamizwa hadi 2000. Mdudu huyu yumo katika Orodha Nyekundu, ile ya kimataifa inayopima hatari ya kutoweka, miongoni mwa viumbe vilivyo hatarini.

Sasa tuseme "hali ya uhifadhi" ya dumuzi ni nzuri? Mkulima atadhani tunamfuga! Dumuzi hutiliwa sumu kila msimu wala hatoweki. Wa Frégate amelelewa hata katika bustani ya wanyama ya London, na bado yumo hatarini. Kinachopimwa ni hatari, si matunzo.

Kwa hiyo mimi nasema "kiwango cha hatari ya kutoweka". Ni refu, najua, lakini halihitaji kufafanuliwa. Wahariri wa vitabu vya baiolojia, "uhifadhi" waachieni wenye maghala na wenye mbuga.