Kuziba Ufa Bila Kufungua Mwingine: Historia Fupi ya Viraka vya Kompaila

Mara nyingi hapa tunazungumzia programu zenyewe. Leo nataka tukiangalie chombo kinachozitengeneza, yaani kompaila, na hasa kazi ambayo wengi hawaijui: kukagua na kujaribu viraka vya kurekebisha hitilafu zake. Ninaandika kutoka Asembo Bay, na mtaona huko mbele kwamba mahali hapa pana somo lake katika habari hii.

Tuanze na maneno. Kompaila ni programu inayochukua msimbo ulioandika, kwa mfano katika lugha ya C, na kuugeuza kuwa maagizo ambayo kompyuta inaweza kuyatekeleza. Kiraka ni faili dogo linaloeleza mistari ipi ya msimbo iondolewe na ipi iwekwe mahali pake. Jina hilo lina asili yake. Zamani programu zilitobolewa kwenye kanda za karatasi, na fundi akitaka kusahihisha kosa alibandika kipande cha karatasi juu ya matundu. Kiraka hasa!

Katika miaka ya 1970 maabara za Bell huko Marekani zilitoa programu ya diff, inayolinganisha mafaili mawili na kuonyesha tofauti zake. Mwaka 1985 Larry Wall akatoa programu ya patch, inayozichukua tofauti hizo na kuzitia kwenye faili la mtu mwingine. Badala ya kutuma programu nzima yenye megabaiti nyingi, unatuma kilobaiti chache. Kwetu Kenya, ambako nyaya mpya za intaneti za baharini zilitia nanga Mombasa mwaka 2009, hilo halikuwa jambo dogo. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, polepole na kwa bei kali.

Mwaka 1987 Richard Stallman alitoa GCC, kompaila huria ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Kiini cha Linux kilijengwa kwa GCC tangu mwanzo, na seva nyingi unazozitembelea kila siku zinaendeshwa na Linux.

Sasa fikiria kompaila hiyo ikiwa na hitilafu. Umeandika msimbo sahihi, yenyewe ikaugeuza vibaya. Utakesha ukitafuta kosa lako, na kosa lako halipo! Na si wewe peke yako. Ni kila aliyeitumia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha matokeo ya chombo chao kiitwacho Csmith, kinachotunga programu za C kwa kubahatisha na kuzipitisha kwenye kompaila mbalimbali. Katika miaka 3 waliripoti hitilafu zaidi ya 325 ambazo hazikuwa zimejulikana. Kila kompaila waliyoijaribu ilikutwa ikitoa matokeo yasiyo sahihi, kimyakimya, bila onyo lolote.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kompaila kuna la kuongeza: ukiziba ufa huu, hakikisha hujafungua mwingine. Ndiyo maana kiraka hakikubaliwi kwa neno la mwandishi wake tu.

Kazi yenyewe iko hivi. GCC hujijenga yenyewe kwa hatua tatu. Kwanza, kompaila iliyopo kwenye kompyuta yako inajenga GCC mpya. Pili, GCC hiyo mpya inajijenga upya. Tatu, iliyopatikana inajijenga tena. Mazao ya hatua ya pili na ya tatu yanalinganishwa, na yanapaswa kufanana kabisa. Yakitofautiana, kuna kitu kimeharibika na kazi inasimama hapo.

Ukivuka hapo, unaendesha majaribio: maelfu ya programu ndogondogo, nyingi zikiwa zimezaliwa na hitilafu za zamani. Kosa likirekebishwa, programu iliyolifichua huongezwa kwenye majaribio ili likirudi lionekane mara moja. Nami huyaendesha mara mbili, bila kiraka na pamoja na kiraka, kisha nalinganisha. Kwenye kompyuta yangu kazi hii hula saa nyingi. Yapo majaribio yanayofeli mara zote mbili, na hayo si kosa la kiraka. Ninachotafuta ni lile lililokuwa linafaulu jana na leo linafeli.

Njia hii ya kulinganisha haikuanzia kwenye kompyuta. Hapa Asembo tunaijua vizuri. Kati ya mwaka 1996 na 1999 watafiti wa KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani walijaribu vyandarua vyenye dawa ya permethrin katika vijiji 221 vya Asembo na Gem, vyenye watu takriban 125,000. Karibu nusu ya vijiji, vilivyochaguliwa kwa kura, vilipewa vyandarua mwanzoni. Vingine vilipewa mwishoni. Vifo vya watoto wa mwezi 1 hadi miezi 59 vilipungua kwa takriban 16%.

Lakini kulikuwa na hofu. Wataalamu wengine walisema mtoto aliyekingwa na mbu atakosa kinga ya mwili, kisha malaria itamuua akiwa mkubwa kidogo. Yaani ufa huu umezibwa, mwingine umefunguliwa! Watafiti hawakubishana tu. Waliendelea kufuatilia hadi miaka 6, na hawakuona vifo vikihamia kwa watoto wakubwa. Msomaji, hiyo ndiyo kazi ya mkaguzi wa kiraka: kuangalia mahali ambapo kiraka hakikukusudiwa kugusa.

Na wakaguzi wakikosekana je? GCC yenyewe ilionja hali hiyo. Katikati ya miaka ya 1990 maendeleo yake yalikuwa mikononi mwa kikundi kidogo. Viraka vilingoja muda mrefu, na watu wakaanza kutunza matoleo yao pembeni: huyu ana la Fortran, yule ana la prosesa za Pentium. Mwezi Agosti 1997 baadhi ya waendelezaji walijitenga na kuanzisha EGCS, wakiyakusanya matoleo hayo na kuufungua mlango kwa wachangiaji wengi zaidi. Mwezi Aprili 1999 taasisi ya Free Software Foundation ilikubali EGCS iwe ndiyo GCC rasmi, na Julai mwaka huohuo likatoka toleo 2.95. Mafundi wa kuandika viraka walikuwapo wakati wote. Kilichopungua ni macho ya kuvikagua na mikono ya kuvipitisha.

Hapo ndipo nawageukia vijana wa Kisumu, Dar es Salaam, Kampala na kwingineko. Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kuchangia msimbo mkubwa kwenye GCC alitakiwa kutia saini karatasi za kuikabidhi hakimiliki kwa taasisi hiyo. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2021. Kujaribu, hata hivyo, hakujawahi kuhitaji karatasi. Chukua ripoti ya hitilafu, angalia kama bado ipo kwenye toleo jipya, ipunguze programu inayoifichua mpaka ibaki mistari michache, kisha andika ulichokiona na kompyuta uliyotumia. Ripoti ya namna hiyo humwokolea mrekebishaji siku nzima.

Katika utafiti ule wa vyandarua, hata nyumba zisizo na chandarua zilizokuwa ndani ya mita 300 kutoka vijiji vyenye vyandarua zilifaidika. Kompaila nayo iko hivyo. Sisi sote tunatumia programu zilizojengwa na kompaila ambazo wengine wamezijaribu kwa niaba yetu. Mimi naona tumefaidika vya kutosha kama majirani. Sasa na sisi tuwe miongoni mwa wanaojaribu.

Wiki ijayo nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kujenga GCC kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo. Hadi hapo, kazi njema.